Kiingereza cha Hetty wa Carrow

Runazi, Biharamulo
12 Februari 2024

Dada Nimpaye,

Mzigo wako umefika salama. Malongo wa lori aliushusha Jumamosi pamoja na magunia matupu anayorudi nayo kila akipeleka mahindi Ngara, akaniambia kwamba mwenye mzigo amemtishia asiulowanishe. Haukulowa. Nimesoma sura ya nne yote kabla hata sijala.

Sikudhani mazungumzo yetu ya kantini ya hospitali yangefika huku. Wakati ule nilikuwa nakaa mbele ya ile televisheni ili nichelewe kidogo kurudi wodini kwa marehemu mke wangu, nawe ulikuwa unatoka kitandani kwa mama yako, tukawa watu wawili pekee tunaofuatilia mambo ya Waingereza wa mji wa Carrow. Wengine wote walikuwa wanaomba iwekwe mpira. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba tamthilia ile ilikatishwa katikati, kwamba Hetty anafungwa, mwanawe Owen anachukuliwa na shangazi, na walioitunga hawakusema tena kama mama na mtoto walionana. Na kwamba iko tovuti ambako watazamaji wanaiendeleza wenyewe, kila mtu kwa hadithi yake, na wewe ni mmoja wao.

Sasa kwa kuwa simu yako imekufa na unaandika kwa mkono, kazi ya kuchapa na kupandisha sura niachie mimi, nywila yako ya tovuti nimeipata. Kompyuta ipo, mtandao wa shule unapatikana jioni, na jioni zangu siku hizi ni ndefu.

Liko jambo moja la kitaalamu. Hetty ni Mwingereza, kondakta wa basi, hajawahi kuvuka bahari. Lakini wewe umemfanya aongee kama Mmarekani. Gizani anawasha "flashlight". Mwingereza anawasha "torch", ndiyo maana hata sisi tunasema tochi. Mtoto wa jirani umemvika "diaper", na kwao ni "nappy", nasi tukapata nepi. Unaona Kiswahili chenyewe kimekaa upande wa Waingereza. Nimerekebisha yote kwa kalamu nyekundu kwanza, kisha nikachapa. Ulijifunzia wapi Kiingereza hiki? Ni kizuri, ila kimepotea njia.

Wako,
Mwl. Philbert Mayunga


Nyamiaga, Ngara
20 Februari 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa kazi. Kiingereza nilikiokota kwenye kambi ya wakimbizi, utotoni, kwa watu wa mashirika. Wengi wao walikuwa Wamarekani, nadhani ndiyo sababu.

Kuhusu tochi na nepi sina ubishi. Rekebisha. Ila neno moja naomba uliache. Owen anapomwita mama yake, namwandika akisema "Mom". Liache hivyo hivyo.

Naomba pia, kila ukiniandikia, uniambie nani wamesoma na wanatoka nchi gani. Chini ya kila sura watu huwa wanaacha maoni. Ninakuomba uniandikie maoni yao, hata yakiwa ya neno moja. Usidhani napenda sifa. Nataka tu kujua.

Huku ukungu haujaondoka wiki nzima. Maharage yameanza kuoza majani.

Nimpaye


Runazi
4 Machi 2024

Dada Nimpaye,

Marahaba. Pole kwa maharage, huku yetu yamepona kidogo ila mihogo imeshambuliwa.

Nimelifikiria ombi lako kwa siku kadhaa na nimeona siwezi kulitimiza, nawe utanielewa. "Mom" kwa mtoto wa Carrow ni kosa ambalo msomaji Mwingereza halivumilii. Kwao ni "Mum". Nilikuwa na wasiwasi huo hata kabla, na sasa mama mmoja wa kaskazini ya Uingereza ameandika chini ya sura ya nne akiuliza Hetty amehamia Texas lini. Watu wengi wakacheka pamoja naye. Nimefundisha Kiingereza karibu maisha yangu yote ya kazi, na jioni ile niliona aibu kana kwamba ameniita mbele ya darasa. Maneno aliyoyakuta ni yale machache yaliyonipita. Sasa nimeyatoa.

Ni herufi moja tu, dada. Maana haibadiliki.

Wasomaji wanaongezeka. Wengi ni Waingereza, wapo wa Australia, yupo mmoja wa Kenya aliyesifu sana ile sehemu Hetty anayohesabu vituo vya basi akiwa gerezani ili apate usingizi. Nakuandikia sifa hizo kwa sababu unazistahili, sijali unasemaje.

Wako,
Mwl. Mayunga


Nyamiaga
11 Machi 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Fanya unavyoona.

Ila sura tatu za mwanzo, zile nilizopandisha mwenyewe kabla simu haijaharibika, naomba usiziguse. Ziache na makosa yake.

Jumapili tulifanya misa ya mwaka mmoja ya mama. Walikuja majirani wengi, wakala, na wakati wa kuosha vyombo nikawasikia jikoni wakinisema. Wanasema mwanamke mwenye umri wangu anakaa peke yake kwenye nyumba ya mamaye na kuandika karatasi. Nilingoja waondoke ndipo nikaingia.

Hukuniambia kama wapo wasomaji wa Marekani.

Sura ya sita nimemkabidhi Malongo.

Nimpaye


Runazi
2 Aprili 2024

Dada Nimpaye,

Heri ya Pasaka. Gari la Malongo lilivunjika ekseli Nyakahura, likalala huko karibu wiki mbili, na barua yako ililala nalo. Kwa hiyo imenikuta nimeshazisafisha zile sura tatu. Usikasirike. Msomaji mpya huanzia mwanzo, na akikuta mwanzoni Hetty anatembea kwenye "sidewalk" na baadaye anatembea kwenye "pavement", atadhani hadithi ina waandishi wawili. Sasa yote inasomeka kwa sauti moja.

Nilifanya kazi hiyo kwa siku zote za Juma Kuu, nikitoka kanisani nakaa mezani. Nikuambie ukweli, tangu mke wangu aondoke sijakaa na kazi yoyote kwa moyo namna ile. Kila sentensi yako niliisoma kwa sauti. Unaandika kama mtu anayemwona huyo mtoto mbele yake.

Kuna habari nyingine. Mwezi ujao wasimamizi wa tovuti watachagua hadithi bora za mwaka. Nimeipeleka yako. Ndiyo maana nilitaka iwe safi.

Wamarekani wapo wawili watatu. Hawana la maana.

Pole kwa maneno ya majirani.

Mwl. Mayunga


Nyamiaga
17 Aprili 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena.

Sikutaka mashindano. Lakini yamekwisha kufanyika.

Nakuomba jambo dogo. Hao Wamarekani wawili watatu, niandikie maneno yao. Hata kama hayana maana. Niandikie kama yalivyo.

Mvua imebomoa ukuta wa jiko. Naandikia chumbani.

Nimpaye


Runazi
20 Mei 2024

Dada Nimpaye,

Leo naandika kwa furaha. Hadithi yako imechaguliwa. Imewekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, na chini yake wasimamizi wameandika kwamba ni nadra kusoma hadithi inayoshika lugha ya Carrow kwa uhakika namna hii. Yule mama aliyetucheka mambo ya Texas amekuja mwenyewe kuomba radhi. Nilimwonyesha mkuu wetu wa shule, Bwana Gozbert, akasema hakuamini kwamba mwandishi yuko Nyamiaga. Nikamwambia na mimi huwa siamini.

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mitihani ya nusu muhula. Umeuliza kuhusu Wamarekani. Wawili waliandika kwamba wanasubiri sura inayofuata, basi. Wa tatu alikuwa msumbufu, na huyo nimekwisha kumfungia asiweze tena kuandika kwenye ukurasa wetu. Sikutaka kukusumbua naye. Alianza mwezi Machi, chini ya sura ya tano, akisema hivi sivyo anavyoongea, nani anaandika hapa. Nikadhani anamzungumzia Hetty. Akarudia mara ya pili na ya tatu, maneno yale yale. Nilipozisafisha zile za mwanzo ndipo alipozidi kabisa, akauliza mmemfanya nini. Siku ya mwisho aliandika swali la ajabu, eti kama ni wewe kweli, niambie usiku ule theluji ilipokata umeme tulilala wapi. Nilipekua vipindi vyote vya tamthilia, hakuna hata kimoja chenye tukio la namna hiyo. Nikaona huyu ama ni mgonjwa ama ni mtu wa kuharibu, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Nikamfungia. Jina lake la pale ni herufi tatu tu, Ish.

Hongera sana, dada. Nilitamani mke wangu angekuwepo nimsomee.

Mwl. Philbert Mayunga


Nyamiaga
24 Mei 2024

Mwalimu,

Mfungulie leo hii. Mwandikie hivi, kwa maneno haya haya na bila kubadili chochote: "In the bathtub. All the blankets. You had the red one."

Nimempa barua hii kijana wa pikipiki, sikumngoja Malongo.

Nimpaye


Runazi
27 Mei 2024

Dada Nimpaye,

Kijana wa pikipiki alinikuta darasani. Niliwaacha wanafunzi, nikaenda kwenye kompyuta, nikafanya kama ulivyosema. Nimemfungulia na nimeyaandika maneno yako yalivyo. Hajajibu. Tovuti inaonyesha kwamba hajaingia tangu siku niliyomfungia.

Sitaki kuuliza, lakini naona ni lazima niulize. Huyu ni nani?

Mayunga


Nyamiaga
3 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Ni mwanangu. Anaitwa Ishimwe, sasa ana miaka kumi na mitatu.

Sikujifunza Kiingereza kambini. Kambini nilijifunza kupanga foleni. Niliolewa pale na Kwizera, na familia yake ilipopata nafasi ya kwenda Marekani nilikwenda nao. Mama yangu alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa hapa Nyamiaga na Mhangaza, mwenyeji wa huku, hakuwa kwenye karatasi za kambi. Tulikaa Iowa. Nilisafisha vyumba kwenye nyumba ya wazee, na Kiingereza changu ni cha wale wazee na cha Ishimwe, ambaye nilimzaa huko. Kirundi hakukishika. Baba yake alitaka nyumbani tuongee Kiingereza tu ili mtoto asisumbuliwe shuleni. Kwa hiyo mimi na mwanangu hatuna lugha nyingine.

Jumapili jioni, baba yake akiwa kazini, tulikuwa tunatazama Carrow wawili tu. Alikuwa akiniuliza Waingereza wanasema nini, nami nikawa najifanya najua. Theluji ilipokata umeme tulihamia bafuni kwa sababu ndiyo sehemu pekee isiyokuwa na dirisha, tukalala kwenye beseni la kuogea.

Mama alipougua nilikuja kumwona kwa miezi mitatu. Mama hakupona, wala hakufa upesi. Korona ikafunga njia. Nilipokwenda kuulizia kurudi, niliambiwa nimekaa nje kupita kiasi na kibali changu kimekwisha. Niliomba tena, wakakataa kwa barua. Kwizera akaoa. Akabadilisha namba za simu. Mara ya mwisho nilipoongea na mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, akanong'ona kwamba amepata tovuti ya watu wanaoiendeleza Carrow na kwamba huwa anaisoma maktaba ya shule. Nikamwambia nitaandika huko, atanijua. Ndiyo maana ya ile hadithi yote. Niliandika sura mbili, na chini ya ya pili akaandika kwamba yupo. Neno hilo tu. Nikaandika ya tatu, kisha simu ikaanguka kisimani.

Ningeweza kwenda kwa watu wa stationari pale Ngara, lakini vijana wale husoma juu ya bega la mtu, na hapa watu wananicheka vya kutosha kwamba nilikwenda Marekani nikarudi na begi moja. Wewe hukuwa unajua habari zangu. Nilitaka abaki mtu mmoja asiyejua.

Hukufanya kwa ubaya, nalijua hilo. Niliona ukilitoa lile neno nikakuacha, kwa kuwa kukuzuia kungenilazimu nikueleze haya. Yeye alisoma akaona si mimi. Akauliza kama ni mimi. Akafungiwa mlango. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Endelea kumwangalia kama amejibu. Sitaandika sura nyingine.

Nimpaye


Runazi
15 Juni 2024

Dada Nimpaye,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe mpaka wanafunzi wa zamu wakaja kuniuliza kama naumwa.

Sina la kujitetea. Uliniomba mara mbili na mara zote mbili nilijiona najua zaidi.

Nimerudisha maneno yako yote, sura kwa sura, nikifuata karatasi zako ulizoniletea. Sura tatu za kwanza hazikuwa na karatasi, nikazirudisha kwa kukumbuka, na sehemu nyingine sikumbuki. Niliyafuta bila kuacha nakala. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Wasomaji wameanza kulalamika kwamba hadithi imeharibiwa, na wasimamizi wameiondoa ukurasa wa kwanza. Nimewaacha waseme.

Nimemwandikia pia Ishimwe barua fupi kwa jina langu. Nimemweleza kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya Runazi, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachapa, na mama yake hakujua kwamba nimemfungia. Hajajibu. Naingia kila jioni. Kwa kuwa mtandao wa shule unasumbua, wakati mwingine napanda mpaka kwa fundi Pius, ana mnara karibu.

Kama utataka kuja kuandika mwenyewe, kompyuta iko wazi. Nauli nitaleta mimi.

Mayunga


Runazi
9 Agosti 2024

Dada Nimpaye,

Miezi miwili sijakuandikia kwa sababu sikuwa na cha kukuambia, na niliogopa kukuletea bahasha tupu. Malongo aliniambia anakuona sokoni, kwamba umekonda.

Jana jioni alijibu.

Nakueleza yote kama nilivyoyakuta. Anasema jibu la beseni aliliona tangu Juni, alipofungua tovuti kwa kompyuta ya rafiki yake, lakini hakuamini. Alidhani labda mama yake alimsimulia mtu, na mtu huyo anamchezea. Aliisoma barua yangu akaona ni ya mtu mzima mwongo. Baba yake alikuwa amemwambia zamani kwamba umeolewa huku na umeomba usisumbuliwe, naye alikuwa hajaamini hilo pia, mpaka nilipomfungia. Hapo akaamini. Halafu wiki hii ameirudia sura ya sita, pale Hetty anapomwambia mtoto afunge kamba za viatu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ni ya kukidanganya kiatu. Anasema hilo hakuna mtu mwingine anayeweza kulisema.

Ameacha namba ya simu. Anasema Jumamosi asubuhi ya kwao anakuwa kwa huyo rafiki yake, na baba yake yuko kazini. Kwa hesabu yangu ni kama saa kumi na mbili jioni huku kwetu. Namba nimeiandika kwenye karatasi ya pili, kwa tarakimu kubwa, na nimeihakiki.

Dada, sijui kuomba msamaha kwa maneno. Watu bado wanaulizia mwisho wa hadithi. Usijali habari zao.

Philbert Mayunga


Nyamiaga
26 Agosti 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako ilifika, na namba ilikuwa sahihi.

Jumamosi nilipanda mpaka Ngara mjini kwa sababu huku bondeni simu inakatikakatika. Nilikaa nyuma ya stendi, kwenye ngazi za duka lililofungwa, ambako upepo ni mkali lakini hakuna wapiga debe. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu asubuhi nilikuwa naongea Kiingereza peke yangu jikoni, kwa kuwa ni muda mrefu sijakitamka, na nilihofia ulimi umeshagoma.

Nikapiga kwa simu ya kuazima. Akapokea mwanamume. Sauti nzito, ya taratibu, ni Kwizera kabisa. Nikajua mtoto amekamatwa na baba yake ndiye ameshika simu. Nikakata. Niliondoka pale nikitembea tu, nikavuka soko lote watu wakifunga vibanda, nafikiri nilikuwa nalia maana mama mmoja wa ndizi aliniuliza nimefiwa na nani.

Simu ikaita. Namba ni ile ile. Sikupokea. Ikaita tena, nikapokea nikiwa tayari kwa ugomvi, nikamwambia kwa Kirundi mambo niliyoyaweka moyoni miaka yote hii, ambayo sitayaandika hapa. Nilisema mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha ile sauti nzito ikasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba haelewi Kirundi. "It's me," akasema. "It's Ish."

Nilimwacha na sauti nyembamba, mwalimu. Mara ya mwisho ilikuwa bado nyembamba. Hakuna aliyeniambia kwamba imebadilika. Mtoto alipokea simu ya mama yake na mama yake akamkatia, na aliporudi kupiga akatukanwa. Nilimwomba radhi. Akasema hakuna shida, watu wengi siku hizi wanamchanganya na baba yake.

Tukaongea. Yuko salama. Anacheza mpira. Ana mdogo wake wa kike, nikamuuliza jina, akanitajia. Nilimuuliza kama bado anatazama Carrow, akasema hapana, ilikuwa ya utotoni, anasoma ile hadithi yangu tu. Nikamwambia nitaimalizia kwa ajili yake. Akasema si lazima. Kwa hiyo Hetty umwache alipo, na hao wanaoulizia mwisho uwaambie hakuna. Usinitumie tena karatasi, na wala sina hasira nawe. Ukija Ngara kwenye mambo ya shule pita nyumbani, nitapika.

Halafu akaniuliza habari za bibi yake. Nikamwambia alikufa. Akauliza lini. Nikasema mwaka jana, mwezi wa tatu. Nikajua anahesabu. Nilimsikia anavyovuta pumzi, kama zamani akifanya hesabu za shule. Akauliza, "Sasa mbona hukurudi nyumbani?"

Nilimweleza. Nilimwambia habari za kibali na muda wake, ofisi niliyokwenda, na barua ya kunikatalia. Sikumficha hata moja, na maneno yote yalikuja, hakuna lililonikwama. Lakini nilivyokuwa nayasema nilijisikia nasoma tangazo lililobandikwa ukutani. Yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nilipomaliza akasema, "Okay." Nimekuwa nikiisikia hiyo siku mbili hizi nikilima. Nilitafuta kama ina hasira, haina. Amekwisha kuzoea.

Nimpaye